Rangi ya Mchezaji wa Pili

Yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha gemu katika miaka ambayo gemu ya mapigano ya Tekken 3 ilitawala kila runinga anamkumbuka Eddy Gordo. Wawili walioshika pedi, wote walimtaka yeye, kwa sababu capoeira yake, sanaa ya mapigano yenye mateke ya kuzunguka, ilimwezesha hata mgeni anayebonyeza ovyo kumwangusha bingwa wa kibanda. Gemu haikumkatalia yeyote kati yao. Aliyemchagua Eddy kwa kitufe cha ngumi alipata vazi lake la kwanza, aliyemchagua kwa kitufe cha teke alipata la pili, na pambano likaanza kati ya watu wawili wenye sura ile ile, urefu ule ule na mateke yale yale. Sisi tuliosimama nyuma tukisubiri zamu hatukuwa na namna nyingine ya kuwaita isipokuwa kwa nguo zao. Wapiganaji walipoangukiana na mwenye pedi akapotezana na wake kwa nusu sekunde, ni nguo iliyomwonyesha mwili upi ni wake.

Naanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu mjadala wa mavazi mbadala katika gemu za mapigano, ambao miaka hii umegeuka mjadala wa bei, huanzia dukani, ilhali jambo lenyewe lilianzia machoni. Hoja yangu ni kwamba rangi na vazi ni vitu viwili. Rangi ya pili ni sehemu ya gemu, kama ulingo na saa ya pambano zilivyo sehemu yake, na aliyenunua gemu ameshailipia. Vazi jipya ni kazi mpya ya fundi, na fundi anayo haki ya kulitajia bei. Kampuni zimekosea mara kadhaa kwa kukiuza cha kwanza kana kwamba ni cha pili, na wachezaji nao wamekosea mara nyingine kwa kukidai cha pili bure kana kwamba ni cha kwanza.

Turudi mwaka 1987, kampuni ya Capcom ilipotoa Street Fighter ya kwanza katika mashine za kutumbukiza sarafu. Mchezaji wa kwanza alikuwa Ryu, wala hakuulizwa kama anamtaka. Mtu wa pili alipotumbukiza sarafu yake alipewa Ken, mwenye sare nyekundu ya karate badala ya nyeupe, nywele za rangi ya dhahabu, na mbinu zile zile za Ryu bila tofauti. Ken huyo, ambaye leo katika hadithi za Street Fighter ana mke na mtoto na historia ndefu kuliko wapiganaji wengi, aliingia duniani kama jibu la swali moja la mchezaji: nitajuaje kwamba huyu ni mimi na yule ni mwenzangu?

Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991 ikiwa na wapiganaji 8 wa kuchagua, swali hilo lilijibiwa kwa marufuku. Wachezaji wawili hawakuweza kumchagua mpiganaji mmoja, na aliyewahi kumchukua Guile alikuwa amemnyima mwenzake. Toleo la Super Nintendo la mwaka 1992 lilificha msimbo wa siri wa kuondoa kizuizi hicho, jambo linaloonyesha kwamba waundaji walijua watu wanataka nini, na mwaka huo huo Champion Edition ya mashine za sarafu ikaruhusu wazi Ryu apigane na Ryu, kwa kumpa kila mpiganaji rangi ya pili. Mwaka 1993 Super Street Fighter II ikafikisha rangi 8 kwa kila mmoja, zikichaguliwa kwa vitufe 6 vya mapigo, kwa kitufe cha kuanzia, na kwa kushikilia kitufe kwa muda. Mtu aliyezoea kuchagua kwa kitufe fulani alikuwa na rangi yake, na jirani zake wa ukumbini waliijua kama wanavyojua sauti yake.

Wepesi huo ulitokana na jinsi mashine zilivyohifadhi picha. Mchoro wa mpiganaji haukubeba rangi ndani yake. Kila nukta ya mchoro ilibeba namba, na namba ilielekeza kwenye jedwali dogo lenye nafasi 16, moja kati yake ikiwa imetengwa kwa sehemu ambazo mandhari ya nyuma huonekana. Kila nafasi ilichukua baiti 2. Kwa hiyo sura mpya nzima ya Chun-Li, kuanzia riboni za nywele hadi viatu, iligharimu baiti 32, kiasi kisichotosha hata kuhifadhi sentensi hii, ilhali michoro yake ya kupiga, kuruka, kujikinga na kuanguka ilijaza sehemu kubwa ya chipu zilizokuwa ghali. Hakuna kitu kingine katika gemu hizo kilichowapa wachezaji mengi kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Jedwali hilo lilikuwa na mipaka yake. Ngozi, nywele na nguo viligawana nafasi zile zile 15 zilizobaki, na Blanka, ambaye vazi lake ni kaptula tu, hubadilika karibu mwili mzima anapobadilishwa rangi. Hata hivyo, kilichobaki bila kuguswa ni umbo. Bega la Zangief lilibaki pale pale, na guu la Dhalsim lilirefuka kwa kipimo kile kile. Anayetazama soka hapati shida kuelewa jambo hili. Sheria ya 4 ya soka inataka timu mbili zivae rangi zinazotofautishana, na jezi ya ugenini ya Simba haimfanyi beki wa Simba kuwa mtu mwingine; inamwondolea mwamuzi na mtazamaji shaka. Rangi ya pili katika gemu ya mapigano ni jezi ya ugenini kwa maana hiyo hasa.

Kisha Mortal Kombat ikaonyesha kwamba rangi, ikiachwa mikononi mwa watu wenye ubunifu na bajeti ndogo, inaweza kuzaa watu. Gemu hiyo ya mwaka 1992 iliundwa na kikundi cha watu wachache, Ed Boon na John Tobias wakiwa viongozi wake, na badala ya michoro ilitumia picha za waigizaji halisi. Daniel Pesina alivaa vazi moja la ninja na kupigwa picha. Kompyuta ikampaka njano akawa Scorpion, ikampaka buluu akawa Sub-Zero. Hapo Capcom ingesimama. Boon na Tobias waliendelea: mmoja wakampa mkuki wenye kamba, mwingine barafu, na kati yao wakaweka kisasi cha damu. Halafu wakamficha wa tatu, Reptile, mwenye kijani, ambaye mchezaji alikutana naye chini ya daraja baada ya kutimiza masharti magumu, na ambaye alitumia mbinu za wote wawili. Buluu na njano zikichanganywa hutoa kijani, na huyu kijani alikuwa na barafu ya mmoja na mkuki wa mwingine. Sijaona mahali pengine ambapo kanuni ya mpaka rangi imegeuzwa kuwa hadithi kwa ukamilifu namna ile.

Kisa cha Ermac kinakwenda mbali zaidi. Katika ukurasa wa hesabu za ndani wa mashine ya Mortal Kombat palikuwa na neno ERMACS, kifupi cha kaunta ya hitilafu za programu. Wachezaji waliliona, wakavumisha kwamba ni jina la ninja mwekundu aliyefichwa, na kwa kuwa walikuwa wameshaona njano, buluu na kijani, nyekundu haikuwa vigumu kuamini. Hakuwapo. Lakini uvumi haukufa, na mwaka 1995, katika Ultimate Mortal Kombat 3, waundaji walimtoa ninja mwekundu mwenye jina hilo na mbinu zake mwenyewe. Wachezaji walikuwa wamesoma lugha ya rangi vizuri kiasi cha kuandika neno jipya ndani yake, na waundaji wakalikubali.

Ujio wa picha za pande tatu, kwa Virtua Fighter mwaka 1993 na Tekken mwaka 1994, ulibadilisha asili ya jambo lote. Mwili wa mpiganaji ukawa umbo lililojengwa kwa vipande, na nguo ikawa umbo juu yake. Mienendo ilihifadhiwa kando, kwa hiyo iliwezekana kuvisha mienendo ile ile mwili mwingine kabisa. Hapo vazi mbadala likaanza kumeza maana ya mhusika. Katika Tekken 3, Panda aliwekwa katika nafasi ya vazi la pili la dubu Kuma, na Tiger Jackson, mwenye nywele zake za duara kubwa na suruali pana, alikuwa kwa hakika vazi la ziada la Eddy. Mwaka 2001, katika Tekken 4, zamu ilimgeukia Eddy mwenyewe: nafasi yake ilichukuliwa na Christie Monteiro, na sisi tuliokuwa tumempenda tukamkuta amekuwa vazi la Christie. Nilipoliona hilo mara ya kwanza niliumia, na bado naona haikuwa heshima kwa mhusika aliyeijaza gemu iliyotangulia. Super Smash Bros. ya Wii U na 3DS ya mwaka 2014 ilitumia njia hiyo hiyo kwa ukarimu zaidi, ikawapa wahusika 7 waitwao Koopalings nafasi za rangi za mpiganaji Bowser Jr., na kila mmoja akabaki na jina lake.

Tangu hapo swali la kusomeka kwa mpiganaji limekuwa zito kuliko wengi wanavyokiri. Gemu hizi huonyesha fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Pigo linalochukua fremu 20 kufika linampa anayejikinga theluthi moja ya sekunde ya kuona bega likianza kuinuka, kutambua ni pigo gani, na kuamua ainame au asimame. Mchezaji mzuri hatazami uso wala nakshi. Anatazama nyonga, kiwiko na kisigino. Joho refu likifunika goti, au mkono mpana wa kanzu ukifunika kiwiko, anayejikinga amenyimwa habari ambayo vazi la kwanza lingempa. Tena, eneo la mwili linalohesabiwa na programu kuwa limepigwa kwa kawaida halibadiliki na nguo, kwa hiyo ngumi inaweza kupita katikati ya joho na isiguse kitu, na jicho likawa limedanganywa. Rangi haina hatari hiyo kwa kiwango hicho, ingawa nayo ina yake: rangi nyeusi juu ya ulingo wa usiku humficha mtu, na takribani wanaume 8 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya Kaskazini hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Anayesanifu rangi 10 za mpiganaji bila kuwafikiria watu hao hajamaliza kazi yake.

Injustice 2 ya mwaka 2017 ilivuka mpaka mwingine kwa kulifanya vazi liongeze nguvu na kinga, na katika mashindano ilibidi nyongeza hizo zizimwe. Ilikuwa lazima. Nguo inayopiga ngumi kwa niaba ya mwenyewe haina nafasi mbele ya jopo la waamuzi.

Sasa tufike dukani. Street Fighter V ilipotoka Februari 2016, rangi nyingi zilifungwa ndani ya hali ya kupigana mfululizo bila kurudishiwa afya kamili, ambapo ukishindwa mara moja unaanza upya. Hilo peke yake lingevumilika, kwa kuwa jasho ni malipo ya zamani katika gemu. Lakini hata aliyelinunua vazi la ziada kwa fedha taslimu alilazimika kuipitia safari ile tena, akiwa amelivaa vazi lile, ili apate rangi zake. Alikuwa amelipia kazi ya fundi, kisha akazuiliwa zile baiti 32, kwa maana ya mfano, ambazo tangu mwaka 1992 zilikuja na gemu. Sioni hoja ya kiufundi wala ya kibiashara inayotosha kuutetea mpango huo, na wachezaji walioulalamikia walikuwa na haki kamili. Mortal Kombat 11 nayo, mwaka 2019, ilianza na ubahili wa zawadi kiasi kwamba kampuni ililazimika, siku chache baada ya kuitoa, kuwagawia wachezaji sarafu za ndani kama fidia.

Street Fighter 6 ya Juni 2023 imejirekebisha kwa upande mmoja na kujikwaa kwa mwingine. Vazi la pili la wapiganaji wake wa mwanzo, ambalo kwa wengi ni lile la zamani tunalolijua, hupatikana kwa kucheza, kwa kujenga urafiki na mpiganaji husika katika safari ya mchezaji mmoja. Huo ni uamuzi mzuri, na unaheshimu kumbukumbu za watu. Vazi la tatu, lililotoka Desemba mwaka huo, ni jipya kwa kila maana, na kuliuza ni halali. Lakini liliwekewa bei ya sarafu 300 za ndani, wakati kifurushi kidogo cha sarafu hizo kilikuwa na 250 kwa dola 4.99 za Marekani, na kilichofuata kilikuwa na 610. Hapana mnunuzi wa vazi moja aliyeweza kununua kiasi anachohitaji. Sitapinga kulipia vazi. Napinga hesabu iliyopangwa ili mkononi pabaki masalio yanayovuta ununuzi mwingine. Bei ingeandikwa kwa dola, kila mtu angejua anachotoa.

Tekken 8 ilitoka tarehe 26 Januari 2024, na mwezi mmoja tu baadaye, watu wakiwa wameshainunua na wahakiki wameshaandika maoni yao, ikafunguliwa duka la mavazi kwa fedha halisi. Humo yalikuwamo mavazi ya enzi za nyuma, yale ambayo katika matoleo ya zamani yalikuja na diski. Katsuhiro Harada, aliyekuwa kiongozi wa mfululizo huo wakati huo, alijitokeza hadharani na kueleza kwamba gharama za kutengeneza gemu zimepanda mara nyingi tangu miaka ya 1990. Namwamini. Vazi la leo lina mikunjo inayohesabiwa kwa kila hatua, mishono inayoonekana mpiganaji anaposogezwa karibu, na lazima lijaribiwe dhidi ya kila mkamato wa kila mpinzani ili mkono usipenye kifuani. Ila maelezo ya gharama yalipaswa kutolewa siku ya kuuza gemu, mbele ya mnunuzi ambaye bado ana fedha mfukoni. Aprili mwaka huo huo akaja Eddy Gordo, yule yule wetu, akiwa mpiganaji wa kwanza wa nyongeza wa kulipiwa. Yeye sikumnung'unikia; alikuja na mwili wake, sauti yake na mbinu mpya, si kama nguo ya mtu.

Yupo mpiganaji mwingine ambaye kwake tofauti ya rangi na vazi inanigusa kwa karibu. Mwaka 1997, mwaka ule ule Eddy alipozaliwa katika mashine za Tekken 3, Capcom ilimtoa Elena katika Street Fighter III. Elena ni Mkenya. Anapigana kwa capoeira, sanaa iliyokuzwa Brazil na Waafrika waliokuwa utumwani, na karibu kila pigo lake ni la mguu. Mwendo wake ulichorwa kwa ulaini ambao hadi leo wachora katuni wanausifu. Vazi lake lilikuwa bikini nyeupe na pete za rangi shingoni, mikononi na miguuni. Rangi zake mbadala zilimbadilisha kama zilivyowabadilisha wenzake, lakini hakuna jedwali la rangi linaloweza kumvika mtu nguo ambayo haikuchorwa. Mtu wa Mombasa, Kisumu au Nyeri angemtazama katika rangi zote na asione chochote kinachotoka nyumbani kwake. Alirejea katika Ultra Street Fighter IV mwaka 2014, na Juni 2025 akaingia Street Fighter 6.

Vazi ambalo ningelilipia bila kusita ni Elena aliyefunga leso. Ningetaka lisanifiwe na mtu anayejua kwamba doti ni vipande viwili, kimoja kiunoni na kingine begani au kichwani, na kwamba leso ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa chini ya mji. Najua ninachokiomba ni kazi ngumu. Kitambaa kilichofungwa kiunoni kwa mpiganaji anayeinua mguu hadi juu ya kichwa chake lazima kifunguke pembeni bila kuficha nyonga, kwa sababu nyonga ndiyo anayoisoma anayejikinga. Katika enzi za michoro bapa ingeshindikana, kwani mashine ziligeuza mchoro mzima mpiganaji alipogeukia upande wa pili, kiasi kwamba kiraka cha jicho cha Sagat kilihama kutoka jicho moja hadi jingine. Jina la leso lingesomeka kinyume nusu ya pambano. Leo inawezekana, na fundi atakayelifanikisha atakuwa amefanya kazi ya wiki nyingi. Alipwe.

Kuhusu rangi za vazi hilo, muuza leso yeyote wa Biashara Street kule Mombasa anaweza kuwashauri. Mchoro mmoja, wenye jina lile lile, huchapwa kwa rangi kadhaa, na mteja akishaupenda humwambia muuzaji amtolee ya zambarau badala ya nyekundu. Muuzaji hupanda ngazi, huteremsha ya zambarau, na bei ni ile ile.